Ufunguo si Hati

Iko desturi iliyoota mizizi katika miji yetu, nayo yatupasa tuiseme waziwazi. Mfanyakazi wa Kitaji, mjini Musoma, humwuzia ndugu wa Bunda gari lake. Fedha huhesabiwa, ufunguo na kadi hutolewa, mikono hushikanwa, na kila mmoja hushika njia yake akiamini kwamba mambo yamekwisha. Sisi twasema hayajakwisha. Gari limekwenda, lakini jina limebaki.

Sheria ya Kodi ya Uandikishaji na Uhamisho wa Magari, iliyotungwa mwaka 1972, yamhesabu mtu aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo gari hilo likimgonga mtu njiani, wa kwanza kutafutwa ni yule aliyekwisha kuliuza. Faini za barabarani nazo hufuata namba ya gari, wala hazijui nani ameshika usukani.

Hatari ya mnunuzi ni kubwa zaidi. Muuzaji akifariki dunia kabla jina halijabadilishwa, mnunuzi hana budi kumsubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na kuwaomba warithi wakubali mauzo ambayo wao hawakuyashuhudia. Akiba ya miaka mingi yaweza kupotea hivyo, na aliyeipoteza hakuibiwa na mtu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kabla ya kutoa hata senti, mnunuzi na alinganishe namba ya injini na ya chesisi na zile zilizoandikwa katika kadi, kisha aulize Mamlaka ya Mapato kama gari halina deni wala halikuwekwa rehani benki. Sisi wa Mara, tulio jirani na mpaka wa Sirari, tukumbuke pia kwamba gari lililoingia nchini kwa kibali cha muda halifai kuuzwa kabla ya kulipiwa ushuru. Baada ya hayo uandikwe mkataba mbele ya wakili, kisha wote wawili wapeleke kwa Mamlaka kadi halisi, vitambulisho na namba zao za mlipakodi. Jedwali la kodi la mwaka 2023/24 lilitaja Shilingi 50,000 kwa uhamisho wa gari na 27,000 kwa pikipiki, pamoja na 10,000 za kadi mpya na ushuru wa stempu wa asilimia moja ya thamani. Mnunuzi asisahau kukata bima kwa jina lake mwenyewe.

Wako wajanja wanaowashauri watu waandike bei ndogo ili wapunguze ushuru huo. Gari la Shilingi 8,000,000 huandikwa 3,000,000, na ushuru unaokwepwa ni Shilingi 50,000. Lakini ugomvi ukifika mahakamani, karatasi ndiyo itakayosema. Mnunuzi atakayedai arudishiwe fedha zake ataonyeshwa 3,000,000 alizozitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuinyima Serikali 50,000, amejitia katika hatari ya kupoteza 5,000,000. Huo si ujanja.

Hata hivyo hatuwezi kumlaumu mwananchi peke yake. Mkulima wa Butiama anayelipa nauli mpaka mjini, akaambiwa rudi kesho, na kesho yake akaambiwa karatasi moja imepungua, hana budi kumsikiliza dalali anayemwambia kwamba kadi peke yake yatosha. Twawaomba watumishi wa umma wamweleze mtu mambo yote siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa. Na matawi ya Chama yasingoje kuambiwa: vijana wetu wa bodaboda wananunua pikipiki kila siku, na wengi wao hawajapata mtu wa kuwasomea mkataba.

Mkoa huu ndio uliomzaa Mwalimu Nyerere, ambaye Serikali yake iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tulifundishwa kusoma ili tusidhulumiwe. Basi ndugu, unapouza au kununua gari, soma mkataba, lipa kinachostahili, na usiachane na mwenzako mpaka jina limebadilika.