Mkonga wa mgodini si gari la familia

Bei ya dhahabu ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa aunsi mwezi Oktoba 2025, na katika ukanda wa Kahama, Kakola na Geita fedha ya dhahabu ikishapata kiwanja hutafuta gari. Safari hii sababu inayotajwa na wanunuzi si shamba wala mzigo peke yake. Wengi wanataka gari la kuwapeleka watoto porini wakati wa likizo, pamoja na hema, jiko na godoro.

Hamu hiyo haina ubaya. Mkazi wa Bulyanhulu yuko jirani na Serengeti kuliko mkazi wa Dar es Salaam. Tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, anaweza kupita Geita na Sengerema, akaingia Mwanza bila kupanga foleni ya kivuko, kisha akafuata Magu na Lamadi hadi lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti. Safari ambayo zamani ilihitaji maandalizi ya harusi sasa inamtaka mwenye gari aamke alfajiri tu.

Tatizo liko kwenye gari linalochaguliwa. Uliza popote Kakola na jibu litakuwa moja: tafuta mkonga. Hilo ni jina la mtaani la Land Cruiser ya familia ya 70, yenye bomba la kuvuta hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele. Na mkonga unaosifiwa zaidi ni ule uliotoka mgodini au kwa makandarasi wake, kwa hoja kwamba kama uliweza kazi ile, utaweza chochote.

Sifa za gari lenyewe ni za kweli. Injini yake ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Haina tabo wala kompyuta ya kumchanganya fundi. Vipuri vyake vinapatikana Kahama na Mwanza, halisi na vya kuiga, na fundi wa kijijini anaifungua akiwa amefumba macho. Thamani yake haishuki haraka, jambo ambalo mwenye mtaji mdogo hawezi kulipuuza. Hoja ya soko inaanza kuharibika pale sifa za aina ya gari zinapobebeshwa gari moja lililochoka.

Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Gari la huko hushuka na kupanda miteremko mirefu kwa gia nzito na mwendo mdogo, katika maji, tope na vumbi la mawe, na mara nyingi injini haizimwi wakati wafanyakazi wanashughulika kando. Saa ya kilometa inahesabu mzunguko wa magurudumu tu. Jasho la injini haliijui.

Chukua mfano. Gari limefanya kazi saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, kwa miaka minne: hizo ni saa 12,000. Likiwa limetembea kwa wastani wa kilometa 10 tu kwa saa, dashibodi itaonyesha kilometa 120,000, na dalali atazitaja kwa kujivunia. Injini iliyofanya kazi saa hizo hizo kwenye barabara kuu, kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa, ingekuwa imefikisha kilometa 600,000. Mnunuzi anayelinganisha kilometa za gari la mgodini na za gari la mwalimu mstaafu wa Shinyanga analinganisha kilo na lita.

Alama za kazi hiyo hazifichiki kwa rangi mpya. Gari la mgodini hubeba kimulimuli juu, mlingoti wa bendera, utepe wa kung'aa ubavuni na swichi kubwa ya kukata umeme wa betri. Matundu yaliyozibwa kwa pati kwenye paa, waya zilizokatwa chini ya dashibodi na mistari hafifu kwenye milango inasema zaidi ya kadi ya gari. Kisha mtu alale chini, agonge chesisi kwa nyundo ndogo karibu na mahali springi za nyuma zinapofungwa. Kutu ikidondoka kama maganda ya kitunguu, mazungumzo ya bei yameisha. Wauzaji hawapendi nyundo hiyo, na kwa sababu hiyo hasa inafaa kubebwa.

Lipo jingine linalowaumiza wanunuzi wa mnadani kuliko kutu. Gari lililoingizwa nchini kwa msamaha wa ushuru, kama ilivyo kwa mengi ya uchimbaji na ya miradi ya wafadhili, msamaha wake haumfuati mnunuzi wa kawaida. Likihamishwa kwenda kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Masharti ya mnada huandikwa kwa maandishi madogo kwamba kodi ni juu ya mnunuzi, na aliyeshangilia kuwa amepata kwa nusu bei hukuta nusu ya pili inamsubiri TRA. Kabla ya kunyanyua mkono mnadani, hati ya malipo ya ushuru ionekane kwa macho, si kwa simulizi.

Wanaokimbilia kuagiza Japani nao wapige hesabu. Tanzania haikatazi gari kuukuu kama Kenya inavyokataza yaliyozidi miaka minane. Inalitoza. Gari la abiria lenye injini inayozidi cc 2,000 na umri wa zaidi ya miaka 10, likithaminiwa shilingi milioni 20 hadi bandarini, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani milioni 5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 25 huja ushuru wa bidhaa asilimia 10, milioni 2.5, na wa uchakavu asilimia 30, milioni 7.5. VAT ya asilimia 18 juu ya yote ni milioni 6.3. Jumla ni milioni 21.3 kabla ya tozo ndogo ndogo. Thamani inayotumika ni ile ya TRA, hata kama mnunuzi amepata punguzo la kirafiki. Kwa mkonga hakuna njia ya kukwepa umri, kwa kuwa Toyota iliacha kuuza familia ya 70 yenye 1HZ nchini Japani mwaka 2004.

Wapo wanaojibu kwamba gari litajilipa: siku za kazi likodishwe kwa kandarasi, sikukuu liende Serengeti. Hesabu hii ndiyo inayopendwa na wawekezaji wadogo wa Kahama, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mahitaji ya magari ya kukodi huko yanafuata pumzi ya migodi. Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia Machi 2017, Bulyanhulu ilipunguza kazi kabla mwaka haujaisha, na njia ya kurudi ilifunguliwa na makubaliano ya 2020 yaliyozaa kampuni ya Twiga, ambayo serikali ina hisa asilimia 16. Buzwagi, kilometa chache kutoka mjini Kahama, ilimaliza uchimbaji na kuingia katika ufungaji mwaka 2021. Mwenye mkopo wa benki kwa gari la kukodisha hawezi kumwambia meneja asubiri makubaliano ya serikali na mwekezaji. Na hata kazi ikiwepo, gari linalorudi kutoka kwa kandarasi tarehe 20 Desemba halirudi likiwa tayari kubeba watoto tarehe 22.

Zaidi ya hapo, mkonga wa kawaida wa milango mitatu una mabenchi ya nyuma yanayotazamana. Ni mazuri kwa askari wa doria. Mtoto wa miaka sita aliyekaa kiubavu bila mkanda kutoka Kakola hadi Ndabaka atawasili akiwa ametapika, na mama yake atakuwa ametoa uamuzi kuhusu safari ijayo.

Nini basi kinunuliwe? Familia ya watu wanne au watano isiyo na nia ya kukodisha ianze kutazama Suzuki Escudo ya lita 2.0, ya miaka ya 1997 hadi 2008, yenye gia ndogo ya pili ya kuongeza nguvu. Zote zimepita miaka 10, kwa hiyo ushuru wa uchakavu haukwepeki, lakini injini yake haifiki cc 2,000 na ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 5 badala ya 10. Uzito wake pia una faida: ada ya gari katika hifadhi za taifa hupangwa kwa kilo, na lisilozidi kilo 2,000 hulipa kidogo. RAV4, X-Trail na Harrier ni magari mazuri ya Isaka na Shinyanga mjini, ila hayana gia hiyo ya pili.

Mwenye watoto wengi na mfuko mpana atazame Prado ya petroli ya lita 2.7. Itakunywa mafuta, hilo lisifichwe. Lakini Prado ya dizeli ya lita 3.0 ya kisasa ina nozeli zinazotaka mafuta safi, na dizeli ya kwenye madumu kando ya barabara haina mdhamini. Tangu mwaka 2011 serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa, tamaa ya kuchakachua imepungua. Maji na mchanga ndani ya dumu havikuhitaji tamaa kuingia. Dizeli ya lita 3.0 ya zamani zaidi, ile ya Prado za 1996 hadi 2002, inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikichemka, hivyo rejeta yake ikaguliwe kabla ya redio.

Kuna mnunuzi mmoja ambaye hahitaji lolote kati ya haya. Ni yule anayetaka kisiwa cha Rubondo. Familia huvuka kwa boti kutoka upande wa Geita na Chato, gari linabaki nchi kavu likilindwa. Corolla inatosha.

Kwa Serengeti, wa kuogopwa ni udongo mweusi wa mbuga wa ukanda wa magharibi. Ukinyeshewa hushika matairi kama ugali wa muhogo, na hapo hata mkonga wenye winchi hulala, hasa ukiwa umebebeshwa hema, madumu na masanduku juu ya keria. Nyumbu kwa kawaida hupita ukanda huo kati ya Mei na Julai, wakati masika yanakwisha na njia zinakauka, na likizo ya shule ya katikati ya mwaka huangukia humo humo. Escudo yenye matairi mapya manne, tairi la akiba lenye upepo na koleo moja itafika Kirawira mwezi Juni. Fedha inayobaki kati ya bei yake na ya mkonga inaweza kuhesabiwa kwa kalamu kabla ya kwenda kwa dalali, na kwa wengi wa Kahama ingetosha kuongeza mzigo dukani.