Umeme na Njia Zake

Yapata saa 9 kasorobo ya usiku, tarehe 13 Machi, 1989, taa zilizimika ghafula katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Hazikuwa taa za nyumba moja wala za mtaa mmoja, bali za jimbo karibu zima. Watu wapatao milioni 6 walikaa gizani muda wa saa 9 hivi, na baridi ya nchi ile ilikuwa haijaondoka. Hakuna aliyekata waya. Kisa kilitoka katika jua, lililo mbali na dunia kiasi cha kilometa milioni 150.

Ili jambo hilo lieleweke, yapasa kwanza kujua tabia ya umeme katika vitu mbalimbali. Umeme upitao katika waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Katika shaba nyekundu nyingi za chembe hizo zi huru, nazo huhama kwa wepesi. Katika chuma huhama kwa taabu, hata waya wa chuma huuzuia umeme karibu mara 6 kuliko waya wa shaba wenye unene na urefu ule ule. Kuzuia huko ndiko kuitwako ukinzani. Katika kauri na kioo elektroni zimefungwa imara, na ndiyo sababu nyaya zilizo juu ya milingoti hushikwa na vikombe vya kauri, umeme usije ukashuka ardhini. Wala ukinzani si hasara tupu: pasi ya umeme hupata moto kwa kuwa waya uliomo huupinga umeme, na umeme upingwapo hugeuka kuwa joto. (Naye atiaye msumari mahali pa fyuzi iliyoungua ameondoa kitu kilichokusudiwa kuungua kwanza, sasa zitaungua nyaya za ukutani.)

Hewa nayo huuzuia umeme. Ili cheche iruke sentimeta moja tu katika hewa kavu, yahitajiwa nguvu ya volti 30,000 hivi. Wengi basi hudhani kwamba huko juu, pasipo hewa, umeme hauna njia kabisa. Ni kweli kwamba mahali patupu kabisa hapana chembe za kuuchukua umeme. Lakini nafasi iliyo kati ya jua na dunia si tupu kabisa. Jua hupuliza daima upepo wa elektroni na chembe nyingine zenye umeme, nazo, kwa uchache wao, ni nadra kugongana. Kwa hiyo umeme hupita humo kwa ukinzani mdogo sana, jambo ambalo hewa nzito ya duniani haliwezi.

Siku chache kabla ya usiku ule, jua lilitupa wingu kubwa la chembe hizo. Lilipoifikia dunia, sumaku ya dunia ilitikisika. Na sumaku itikisikapo, umeme huzaliwa, kama ilivyo katika dainamo ya baiskeli. Umeme huo ulitafuta njia ardhini. Sasa, sehemu kubwa ya Quebec imekaa juu ya mwamba wa kale, mgumu, usiopitisha umeme vizuri. Umeme ukikuta njia mbili hujigawa, na sehemu iliyo kubwa hupita palipo na ukinzani mdogo. Nyaya kuu za jimbo, zenye urefu wa mamia ya kilometa, zilikuwa njia nyepesi kuliko mwamba. Umeme ukapanda katika nyaya, vyombo vya ulinzi vikajifunga kimoja baada ya kingine, na kwa muda wa dakika moja na nusu hivi kazi yote ikasimama.

Mambo ya namna hiyo yalikwisha kuonekana mwaka 1859, huko Marekani, ambapo makarani wa telegrafu wa Boston na Portland walitenga betri zao wakapelekeana habari kwa umeme wa angani peke yake.

Baada ya mwaka 1989, mafundi wa Quebec walirekebisha vyombo vya ulinzi, wakatia katika nyaya kuu vifaa vinavyouzuia umeme wa namna ile, uendao upande mmoja polepole, lakini huuachia umeme wa mitambo upite.