Unga tuliotoa umeonekana sokoni

Juma hili tulitaka kuwaandikia juu ya watoto wanaokataa kula mboga, lakini maneno ya mkutano wa siku ya posho hayakutuacha. Waliokuwako wanayajua. Ambao hawakuwako wamekwisha kuyasikia, na wameyasikia yakiwa yameongezwa chumvi, kwa hiyo tuyaseme kama yalivyokuwa.

Sanduku letu la mshikamano lilinunua unga wa mahindi na maharagwe kwa ajili ya familia saba ambazo hapa Ngungu hazina mlango wao wenyewe. Wengine wanalala jikoni kwa watu, wengine chini ya shitingi iliyotoboka, na ninyi mnaijua baridi ya huku juu inapofika saa kumi ya usiku. Siku nne baadaye mmoja wetu akaukuta unga ule unauzwa kando ya barabara, katika mfuko uleule tulioufunga kwa mikono yetu. Juma hilohilo baba mmoja wa familia nyingine, ambaye tulimpa jembe, akaonekana anakunywa kasiksi tangu saa nne ya asubuhi, na jembe halikuwako tena. Mkutanoni mama mmoja akasimama akasema: "Tunaondoa chakula kinywani mwa watoto wetu, wao wanauza na kunywa. Tufunge sanduku." Makofi yakapigwa. Tuseme kweli: sisi tunaoandika ukurasa huu tulipiga pia.

Siku ya posho hii tutaamua, kuendelea au kufunga. Kabla ya kuamua, wawili kati yetu walitumwa kwenda kuuliza. Tunashangaa kwamba hatukuanza na hilo.

Mama aliyeuza unga hakukana. Alianza kwa kuomba msamaha hata kabla hatujaketi, jambo lililotutia haya. Mtoto wake wa tatu alikuwa na homa siku tatu, akampeleka kwenye matibabu, akaandikiwa dawa, na dawa zinataka pesa. Alikuwa na nini cha kuuza? Nguo aliyovaa na unga wetu. Akauza nusu. Nusu iliyobaki akapika, lakini hata hiyo ilihitaji kuni, na kuni hapa si za kuokota tena, na chumvi, na kitu cha kulia bugali. Tukahesabu pamoja naye kwa vidole. Tulimpa unga na maharagwe, tukarudi nyumbani tukijisifu kwamba tumelisha familia, kumbe maharagwe bila kuni ni mawe. Kosa hilo la hesabu ni letu. Kila mama anayepika anajua kinachohitajika ili chungu kichemke, lakini siku ya kugawa tulisahau kama wanaume.

Na aliyeununua unga ule tumemfahamu. Ni mama wa chama chetu. Aliupata kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani, kwa sababu mwenye mtoto mgonjwa hana nguvu ya kubishana bei. Hatumtaji, soko ni soko. Lakini mkutanoni alipiga makofi kutupita sisi sote.

Tukumbuke pia tulikotoka. Wengi wetu tumekwisha kuitwa wakimbizi. Wako waliolala Mugunga mwaka 2008, wako waliorudi kulala hukohuko mwaka 2012, na wako waliokaa Bulengo hadi mwezi wa pili wa 2025, kambi za kando ya Goma zilipoondolewa na watu wakaambiwa warudi kwao. PAM ilipogawa mafuta na njegere za manjano, zile zinazokula makala mchana kutwa bila kulainika, nani kati yetu hakuuza hata kikombe kimoja? Tuliuza mafuta tukanunua sabuni. Tuliuza njegere tukanunua vitambaa vya mwezi, kwa sababu ndani ya mgao havikuwamo na hakuna mwanaume wa kugawa aliyevifikiria. Mmoja wetu aliuza mgao wa juma zima ili binti yake asikose mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Wakati ule walisema kwamba wakimbizi wa Masisi hawana shukrani, wanauza misaada. Tulilia kwa maneno hayo. Leo tunayasema sisi.

Jambo hili limewahi kupimwa vizuri, na si mbali, ni katika teritware yetu hii ya Masisi. Mwaka 2011 shirika la Concern Worldwide lilisaidia wakimbizi wa kambi ya Bihito. Wengine walipewa pesa, wengine kuponi za thamani ileile za kununulia vitu vilivyopangwa, na nani apate nini iliamuliwa kwa kura. Mtaalamu mmoja kutoka Marekani, Jenny Aker, akafuatilia matumizi yao. Wenye kuponi walinunua vitu tofauti na wenye pesa, ni kweli, lakini sehemu ya vitu hivyo waliviuza tena. Ilipofika kupima chakula walichokula na hali ya nyumba zao, hawakupishana. Waliopishana ni watoaji: njia ya kuponi iliwagharimu zaidi. Mtu aliyefungiwa mlango alipitia dirishani, na mwenye nyumba akabaki analipia kufuli.

Wako pia wataalamu wawili, David Evans na Anna Popova, ambao mwaka 2014 walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakiuliza swali letu hili la makofi: maskini akipewa pesa, anaongeza pombe na tumbaku? Karibu kila mahali jibu lilikuwa hapana.

Lakini hesabu ya watu wengi haimfuti mtu mmoja, na yule baba wa kasiksi yuko. Hatutampamba. Alipewa jembe ili alime shamba aliloazimwa, akalinywa. Tunajua alipitia mambo gani, sisi sote tumeyapitia, na si sote tunaokunywa. Tulikuwa tayari kulifuta jina lake. Ila jioni moja mke wake alikuja kwetu, giza likiwa limeingia, akakataa kuketi. Hakuomba chakula. Alisema hivi: "Msimpe kitu mkononi tena. Lakini msitufute."

Maneno hayo mawili hayapingani, na tumeshinda nayo juma lote. Wako waliosema basi, tumpe mke. Tufikiri vizuri. Unga ukiwa mkononi mwa mke, na mume yuko na kiu, unga huo unaweza kumletea fimbo usiku. Tunazijua nyumba za namna hiyo, hata za wasiokimbia popote. Kitu kilichopikwa ndicho ambacho mtu haendi kukibadilisha na kasiksi. Watoto wa nyumba ile ni wanne. Tukiwapikia uji kwa zamu, nyumba ya leo kwangu, ya kesho kwako, watakunywa na kwenda shuleni, na hakuna chungu cha kuuzwa. Jembe nalo lisitolewe kuwa mali, liazimwe. Likae kwa mke wa nyumbakumi, lichukuliwe asubuhi, lirudishwe jioni. Mkulima wa kweli hatachukia, maana hata sisi tunaazimana majembe kila majira.

Wale kati yetu wanaoteremka Goma wanajua jambo hili kwa maibobo wa barabarani. Ukimpa mtoto franka 500 hujui zitaishia wapi, au mkubwa gani atamnyang'anya kwenye kona. Ukimpa mkate anaula mbele yako. Lakini hata huko mtu asijifanye mwerevu sana: maibobo naye anahitaji kandambili na sabuni, na mkate haununui kandambili.

Sasa neno ambalo halikupigiwa makofi. Katika orodha ya familia zetu saba, moja haikukimbia popote. Ina nyumba, ina shamba, ina mbuzi. Jina lake liliingia kwa sababu ni jamaa wa mtu wetu, na sote tuliliona, tukanyamaza kwa heshima. Hesabuni wenyewe. Nusu ya mfuko wa unga iliyouzwa kwa ajili ya dawa tumeijadili saa nzima kwa sauti kubwa. Mfuko mzima ulioingia nyumba isiyostahili hatukuujadili hata dakika moja. Kama tunatafuta mahali sanduku linapovuja, tuanzie kwenye daftari letu. Tunapendekeza orodha isomwe mbele ya wote, jina kwa jina, na mwenye jamaa yake ndani atoke nje kidogo wakati jina hilo linazungumzwa.

Kufunga sanduku ni rahisi, ufunguo uko kwa mama mtunza pesa. Lakini zamani tulipokataa sisi, walikuwako wengine wa kutoa. Tangu mwanzo wa 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi yamepunguza kazi au yameondoka. Familia hizi sita (saba ni yetu) zikitoka mikononi mwetu hazina mikono mingine ya kuingia. Wenyeji wanaowalaza jikoni nao wamechoka, na katika mipango yetu hatujawahi kuwapa hata kipande cha sabuni.

Basi siku ya posho, saa nane, kila mmoja aje na maharagwe anayoweza, na safari hii na kuni mbili au tatu. Chumvi itanunuliwa na sanduku. Atakayetaka kusema tufunge, aje aseme, hakuna wa kumzomea. Na kuhusu dawa, tunaomba tuzungumze kama sehemu ya sanduku inaweza kutolewa kwa pesa, kidogo, kwa mama anayekuja na karatasi ya matibabu.

Yule mama wa unga ametutumia neno. Anauliza kama anaruhusiwa kuja mkutanoni kujieleza mwenyewe. Tumemjibu aje, na aje na mtoto, maana homa imepungua. Atakayefika mapema amwekee nafasi kwenye benchi la mbele.