Nani aliyelifikisha gari Paris mwaka 1907?

Tarehe 10 Juni 1907 magari 5 yaliondoka Peking, mji ambao leo tunauita Beijing, yakiwa na safari ya kwenda Paris. Miezi 2 baadaye, tarehe 10 Agosti, gari la kwanza liliingia Paris huku umati ukilishangilia. Lilikuwa Itala, lililoundwa Turin, na ndani yake walikuwamo Waitalia 3: mkabaila Scipione Borghese, fundi wake Ettore Guizzardi, na mwandishi wa gazeti la Corriere della Sera, Luigi Barzini. Walikuwa wamesafiri karibu kilomita 15,000, na zawadi ilikuwa chupa kubwa ya shampeni. Mashindano hayo yalitangazwa na gazeti la Paris, Le Matin, mwezi Januari mwaka huohuo, na nia yake haikufichwa: gazeti lilitaka kuwaonyesha wasomaji kwamba mtu akishakuwa na gari, hakuna jambo asiloliweza wala mahali asipofika. Zaidi ya miaka 100 sasa habari hii inasimuliwa kana kwamba hoja ya Le Matin ilithibitishwa. Mimi naona ushahidi wa safari yenyewe unaikanusha. Gari lilifika, ndiyo, lakini lilifika kwa sababu maelfu ya kilomita za njia hiyo zilikuwa na watu wenye kamba, ngamia, shoka na maarifa, nao ndio waliolipitisha pale ambapo injini ilikuwa haina la kufanya.

Tuanzie milimani, kaskazini mwa Peking, kwenye njia ya kwenda mji wa Kalgan. Hapakuwa na barabara. Palikuwa na mapito ya misafara, yaliyochongwa na kwato kwa karne nyingi, yenye mawe makubwa, kona kali na magenge. Kabla ya mashindano, Borghese aliipitia njia hiyo akiwa juu ya farasi, mkononi ana ufito wa mwanzi uliokatwa kwa upana uleule wa gari lake. Penye jabali kushoto na jabali kulia aliulaza ule ufito katikati. Ukipita, gari litapita. Ukikwama, itabidi itafutwe njia nyingine au mwamba ubomolewe. Siku za safari zilipofika, Itala ilivuliwa sehemu za bodi ili iwe nyepesi, ikafungwa kamba, ikakabidhiwa kwa wapagazi wa Kichina na wanyama wao. Walilivuta gari wakati wa kupanda, na wakati wa kuteremka walijitupa nyuma wakizishika kamba kwa uzito wa miili yao, maana kuziamini breki za mwaka 1907 kwenye miteremko ile kulikuwa ni kuomba kifo. Katika mapito mengi injini ilikuwa mzigo tu, chuma kizito kinachobebwa na watu. Hivyo mashindano yaliyokusudiwa kuonyesha kwamba gari halimhitaji mnyama wala mpagazi yalianza kwa siku kadhaa za kuvutwa na wanyama na wapagazi.

Baada ya Kalgan nyika ilifunguka, na hapo gari lilikimbia kwa nguvu zake lenyewe. Lakini lilikimbia kwa petroli ya nani? Petroli ilikuwa imetangulia, imebebwa na misafara ya ngamia hadi vituo vya Mongolia, wiki nyingi kabla ya magari kuwasha injini Peking. Na njia walijuaje? Walifuata nguzo za telegrafu, ule mstari mwembamba uliovuka Jangwa la Gobi hadi mji wa Urga na kuendelea hadi mpaka wa Urusi. Katika vituo vilivyotupwa peke yake jangwani walikuwamo makarani ambao hawakuwa na jirani. Barzini alifika kwenye kimojawapo kutuma habari zake Ulaya, akaiona telegramu yake ikiandikishwa namba 1. Kituo kilikuwa kimekaa miaka 6 bila mteja hata mmoja wa kutuma telegramu kutoka pale. Karani aliyelinda mashine hiyo miaka yote akiwa peke yake, naye akaweza kuituma habari bila kuipoteza, ana sehemu yake katika ushindi ule, kwa sababu bila telegramu hizo Ulaya isingejua kwamba kuna mashindano yanayoendelea.

Gobi ndiko tunakopata jaribio safi la hoja ya Le Matin, na jaribio hilo halizungumzwi sana. Gari la 5 lilikuwa Contal, dude dogo la magurudumu 3 la Mfaransa Auguste Pons. Lilikuwa dhaifu, likaachwa nyuma na wenzake, likaishiwa petroli katikati ya jangwa. Pons na mwenzake walibaki na gari lao na dunia isiyo na mtu. Kwa maneno ya gazeti, mtu mwenye gari alipaswa kufika popote. Watu hawa 2 walitembea kwa miguu wakiungua kwa kiu hadi karibu na kufa, wakaokolewa na wenyeji wa jangwa. Contal haikuonekana tena. Hicho ndicho gari lilichoweza kufanya lilipoachwa bila watu.

Siberia ilikuwa na barabara, au tuseme iliwahi kuwa nayo. Reli kuu ya kuvuka Siberia ilikuwa imekamilika miaka michache tu nyuma, ikamnyang'anya abiria na mizigo yule mzee, njia ya zamani ya mikokoteni, na tangu hapo madaraja yake ya mbao yalikuwa yakioza bila mtengenezaji. Upande wa Ziwa Baikal, daraja moja liliporomoka chini ya Itala. Gari lilitumbukia kinyumenyume, pua juu, na kuning'inia katikati ya mbao zilizovunjika pamoja na waliokuwamo. Likanasuliwa kwa kamba na magogo na mikono ya Warusi. Sehemu nyingine ya ukingo uleule njia ilishindikana kabisa, na Borghese akaomba kibali cha kuendesha gari juu ya reli. Alikipata, na Itala ikaenda ikirukaruka juu ya mataruma, ikipangiwa muda kati ya treni na treni. Mbele zaidi, upande wa Milima ya Ural, gurudumu la mbao lililegea na kuvunjika njiti zake. Hapakuwa na duka la vipuri. Palikuwa na fundi wa kijijini, mtengenezaji wa mikokoteni, aliyelichonga upya kwa shoka, na gurudumu hilo likaendelea na safari. Magari mengine nayo yaliishi kwa fadhila za aina hiyohiyo: Spyker ya Kiholanzi, iliyoendeshwa na Charles Godard, ilifufuliwa umeme wake na wataalamu wa chuo cha ufundi cha Tomsk.

Najua pingamizi la kwanza. Wapagazi walilipwa, wenye ngamia walilipwa, fundi wa gurudumu alilipwa. Aliyepokea ujira hana dai la utukufu. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetumiwa kwa wote. Guizzardi alikuwa mwajiriwa wa Borghese, na alishika usukani kwa sehemu kubwa ya safari. Barzini alikuwa kazini, akilipwa na gazeti lake. Hakuna anayesema kwamba mshahara uliwafuta katika historia. Majina yao yako vitabuni, na gari lao limehifadhiwa katika makumbusho ya magari ya Turin. Kwa hiyo sharti linalotenganisha wanaokumbukwa na wasiokumbukwa halikuwa ujira. Lilikuwa kiti. Aliyekaa ndani ya gari aliingia katika simulizi, na aliyelivuta kwa kamba akaachwa Kalgan.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na linastahili jibu la kina. Inasemwa: magari yote yalipata wapagazi walewale na petroli ya ngamia walewale, mbona Borghese aliwaacha wenzake kwa siku 20? Magari 2 ya De Dion-Bouton na ile Spyker yaliingia Paris tarehe 30 Agosti. Na Borghese alikuwa amejipa anasa ya kuacha njia huko Moscow, akaenda St. Petersburg kula karamu, kisha akaendelea na mashindano. Basi si kweli kwamba ustadi wake ndio ulioamua? Ni kweli, nami simnyimi haki yake. Lakini tutazame ustadi huo ulikuwa wa nini. Wenzake walikubaliana kwenda kwa kusaidiana magari kwa magari. Yeye aliitegemea njia na watu wake. Ndiye aliyekwenda milimani na ufito wa mwanzi kabla ya siku, ndiye aliyepanga kwa makini zaidi mafuta na matairi yamsubiri wapi, ndiye aliyejua amwombe nani kibali cha reli. Pale Urga alimpandisha gavana wa Kichina kwenye Itala na kumtembeza. Kwa ufupi, kati ya madereva wote, aliyeshinda ndiye aliyeamini kidogo zaidi ile dhana ya kwamba gari linajitosheleza. Ubora wake unaitia nguvu hoja yangu.

Wapo pia wanaosema kwamba nadharau uhandisi. Injini ya Itala, yenye ujazo wa zaidi ya lita 7, ilitoka Peking na kufika Paris bila kubadilishwa, ikapita mchanga, matope na vumbi la mabara 2. Kwa mashine ya mwaka 1907 hilo ni jambo la ajabu na wahandisi wa Turin walistahili kila sifa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kutoka kwenye injini imara hadi kwenye dai kwamba injini imara yatosha. Kosa hilo lilikuwa na wa kufaidika. Viwanda vya magari vilikuwa vikitafuta wanunuzi, na gazeti lilikuwa likitafuta wasomaji. Wote wawili walihitaji shujaa mmoja wa chuma na dereva wake. Kumwambia mnunuzi kwamba gari lake litahitaji mamia ya watu wa kulivuta milimani kusingeuza hata gari moja. Tena hatuwezi kusema kwamba watu hao hawakuonekana. Barzini mwenyewe aliwaona na kuwaeleza katika kitabu chake kilichotafsiriwa lugha nyingi. Ni wasimulizi waliomfuata waliobakiza vumbi, kasi na karamu.

Simulizi hizo hazikuwatendea haki maofisa wa Peking pia. Kabla ya safari walisitasita kutoa vibali, wakishuku kwamba wageni hawa wanapima njia za kuingilia nchi. Masimulizi ya Kizungu huwachora kama washamba waliolihofu gari. Tukumbuke kwamba miaka 7 tu ilikuwa imepita tangu majeshi ya mataifa 8 yauteke mji huo, na askari wa kigeni walikuwa bado wamepiga kambi katika mtaa wa balozi ambako magari yaliondokea. Mtu anayepima upana wa njia zako za milimani kwa ufito ana haki ya kuulizwa anataka nini.

Msomaji wa Dar es Salaam ana sababu ya karibu zaidi ya kujali haya. Siku ileile Itala ilipoingia Paris, tarehe 10 Agosti 1907, afisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau, akakata Afrika hadi Swakopmund, alikofika tarehe 1 Mei 1909. Anaitwa mtu wa kwanza kuvuka bara hili kwa gari. Nchi aliyoondokea ilikuwa imetoka kuteketezwa katika kukandamizwa kwa Vita vya Maji Maji, na njia zake zilikuwa za wapagazi, ndio waliobeba uchumi wote wa bara kabla ya reli. Gari lake nalo lilivutwa kwa kamba mitoni na kusukumwa milimani na Waafrika. Karibu miezi 21 ya safari kama hiyo haielezeki kwa injini. Inaelezeka kwa mikono, na katika maelezo ya kawaida ya safari ile mikono hiyo haina hata idadi.

Tabia hii haikuisha na wakoloni. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ilijijengea jina kwa matope yake, na kila aliyeitazama anajua nani walioyatoa magari katika matope hayo: wanavijiji waliosimama kandokando ya njia. Mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha, na kamera bado zinamfuata dereva. Wahariri wa michezo wana uwezo wa kubadilisha hili bila gharama. Mwandishi aliyepo pale gari linapokwama awaulize majina waliolisukuma, wametoka kijiji gani, walilipwa au hawakulipwa, kisha aandike hayo kwenye aya ileile inayotaja muda wa dereva. Na wenye makumbusho na vitabu vya shule wanaochapisha picha za safari za Borghese na Graetz waandike chini yake kazi inayofanyika pichani na wanaoifanya: wapagazi wa njia ya Kalgan wakiteremsha gari kwa kamba, wanaume wa Tanganyika wakilivusha gari mtoni. Majina ya wengi wao hatutayapata tena, lakini kazi yao inaonekana wazi kwenye karatasi, na kuitaja hakuhitaji utafiti wowote mpya.