Hesabu za nini? Muulizeni jirani yangu na msasa wake

Jamani, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Hapa kwetu Kiembe Samaki nina jirani, kijana wa rika langu, ana kibanda cha bati nyuma ya nyumba yao na humo anatengeneza kalibu ya boti ya faiba. Mita 6 kwa mita 2, ncha mbele na nyuma. Niliwahi kumwandika gazetini: kijana abuni boti kwa kompyuta. Nikapiga picha, nikaondoka. Juzi nimepita tena nimemkuta kavaa kitambaa puani, anapaka puti na kupiga msasa. Siku ya kumi na mbili! Ubavu wa boti una vipembe vipembe kama pipa lililopigwa nyundo.

Msidhani alibahatisha umbo. Alitumia lile la Wigley, Mwingereza mmoja mtaalamu wa meli, ambalo watafiti wa mawimbi wanalipenda kwa sababu boti nzima imo ndani ya fomula moja. Pale maji yanapoishia, nusu ya upana ni 1 − x²/9, na x ni mita kutoka katikati. Katikati unapata mita 1. Sogea mita 1.5, unapata sentimita 75. Fika ncha, sifuri. Ni parabola, bwana! Ile ile tuliyoichora kwenye karatasi ya grafu skuli, tukapewa alama, tukaifukia.

Sasa alivyoiingiza kwenye programu ya kuchorea ndiyo balaa. Alikokotoa nukta kwenye Excel, moja kila nusu mita, 13 kwa urefu na 7 kwenda chini, jumla 91. Programu ikaziunganisha kwa pembetatu bapa, akahifadhi kwa STL, faili ambalo tangu lianze mwaka 1987 halijui kitu kingine ila pembetatu. Mashine ya kukatia ikatii. Kati ya nukta na nukta ikakata moja kwa moja, na pale maji yanapoishia mbao ikaingia ndani karibu milimita 7. Angegawa umbali huo nusu, kosa lingebaki robo. Lisingekwisha.

Na parabola ile haihitaji nukta 91. Inahitaji tatu: ncha mbili za boti, na ya tatu iliyosimama mita 2 kutoka mstari wa katikati, nje kabisa, haigusi hata mbao. Hiyo ndiyo njia ya de Casteljau wa Citroën mwaka 1959, na Bézier wa Renault miaka ya 1960, watu waliochoka kuchonga magari kwa kukisia. Ubavu mzima wa Wigley ni nukta 9. Siyo makadirio, ndiyo wenyewe. Unaziandika kwa mistari michache ya Python ndani ya FreeCAD, programu ya bure, unahifadhi kwa STEP, na umbo linafika kwenye mashine likiwa bado limepinda. (Si kila fomula ina bahati hiyo. Duara linataka nukta zenye uzito, na wimbi la sine halikubali ila kwa kukaribia tu.)

Najua kuna watakaosema wazee wa Nungwi wanajenga majahazi bila hesabu. Nani kawadanganya? Fundi akipinda upapi juu ya mataruma, ule upapi unajitafutia mkunjo usioulazimisha sana, na hiyo ni hesabu iliyofanywa na mti wenyewe. Mafundi wa meli wa Ulaya walikuwa na upapi wao, wakiushika kwa vizito vya risasi, wakiuita spline. Fungua programu yoyote ya kuchorea leo utalikuta neno hilo. Kwa hiyo mzee wa Nungwi yumo ndani ya kompyuta. Asiyekuwemo ni mwanafunzi wetu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Tunakata utepe wa vyumba vya kompyuta, na mlango wa pili mwalimu anafundisha parabola kama dua ya kuhifadhi, bila kumwambia mtoto kuwa inaweza kuwa boti. Anayebonyeza haijui fomula, anayeijua fomula hajawahi kubonyeza. Sisi waandishi nasi tunashangilia skrini. Mimi wa kwanza. Nilikuwa na digrii yangu mfukoni na sikuuliza faili lile ni la namna gani.

Nilimweleza jirani habari ya zile nukta tatu. Akanitazama, puti mkononi.

"Bwana wee, siku ile ulikuja na kamera. Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Nimemwomba mhariri nafasi ya kuandika upya habari ile, kaniambia ile ya mwanzo ilipendwa sana na wasomaji.