Kiwanja wamekila, medali wanaidai kwetu!

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa hapo kijiweni na kikombe chako cha kahawa, unayebishana Simba na Yanga tangu alfajiri hadi sauti inakauka, leo nakuomba dakika chache. Sikuulizi nani atachukua ubingwa. Nakuuliza jambo dogo tu: mwanao, au mdogo wako wa miaka sita, anajua kurusha mpira?

Usicheke. Mtoe nje, mpe mpira wa soksi, mwambie arushe. Wewe tazama miguu. Mtoto ambaye hakupata kucheza atasimama wima kama mlingoti na kurusha kwa mkono peke yake, au atatanguliza mguu wa upande ule ule wa mkono unaorusha. Yule aliyecheza rede mpaka akafuatwa na fimbo kurudishwa nyumbani atatanguliza mguu wa upande wa pili, atazungusha kiuno, ndipo mkono ufuate. Sasa mrushie wewe. Asiyezoea atageuza uso pembeni na kuukumbatia mpira kifuani. Aliyezoea ataukazia macho na kuudaka kwa viganja. Tofauti hiyo haikuletwa na ukoo wala dawa ya mganga. Imeletwa na kiwanja.

Waliosomea mambo haya wanatueleza kwamba kati ya umri wa miaka 2 na 7 hivi ndipo mtoto anapojenga mienendo ya msingi ya mwili: kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, kupiga teke, kusimama kwa mguu mmoja bila kuyumba. Mienendo hiyo haioti yenyewe kama meno. Inataka nafasi, inataka kurudiwa mara elfu, inataka na mtu wa kuelekeza. Mwaka 1980 mwalimu mmoja wa Kimarekani, Vern Seefeldt, alieleza kwamba mtoto asiyeipata hukutana na kizuizi mbele ya safari: anapotaka kuingia kwenye mchezo wenyewe, mwili unakataa, anaona aibu, anakaa pembeni. Anakuwa mtazamaji maisha yake yote. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na hawakuwa na digrii.

Na bibi zetu walikuwa na chuo chao. Chukua mdako, mchezo ambao vijana mnaudharau eti wa kike. Mtoto anarusha kete juu, anazoa vijiwe shimoni, anarudisha vinavyozidi, anadaka kete kabla haijagusa chini. Jicho linafuata kimoja, mkono unafanya kingine, kichwani anahesabu. Mkono ule ndio utakaoshika kalamu darasa la kwanza. Kombolela inamfundisha kukimbia kwa kasi na kukata kona ghafla. Kuruka kamba kunampa mapigo na pumzi. Rede inamfundisha kukwepa, na hapo dada zetu walikuwa wakituacha hoi, tuseme ukweli. Vyote hivyo bila senti ya mfadhili. Vilihitaji kitu kimoja tu: ardhi tupu.

Ardhi hiyo iko wapi leo?

Mimi nilichezea chandimu kwenye uwanja wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam, magoli ya matofali mawili mawili. Siku moja tukakuta nguzo za zege. Wiki iliyofuata, ukuta. Wazee wakaenda kuuliza, wakazungushwa ofisi hii hadi ile mpaka soli zikaisha. Sasa pale pana ghala lenye geti la chuma na mbwa. Watoto wa mtaa huo wanacheza barabarani, kati ya bodaboda na bajaji, na anayegongwa anaambiwa wazazi wake wazembe! Nawe msomaji naamini unao wako, uwanja uliouacha ukaukuta ukuta.

Shuleni nako usiniambie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa. Kana kwamba mtoto akikimbia anasahau hesabu! Awamu iliyofuata ikayarudisha, lakini hesabu hii ifanye mwenyewe: aliyekuwa na miaka 8 mwaka 2001 leo amepita 30. Ndiyo wewe uliyekaa hapo kijiweni. Ulinyang'anywa, halafu ukaambiwa kijana wa siku hizi mvivu.

Kwenye karatasi hatuna njaa. Baraza la Michezo la Taifa lipo kwa sheria ya mwaka 1967. Sera ya Maendeleo ya Michezo ipo tangu 1995. UNESCO ilitangaza mwaka 1978 kwamba elimu ya viungo na michezo ni haki ya msingi ya kila mtu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili walau dakika 60 kila siku. Sasa nenda shule ya msingi ya kata yako ukaangalie kipindi cha michezo kinavyotumika. Utakuta watoto wanafagia, au wanamalizia hesabu, au wamewekwa mia na zaidi mbele ya mwalimu mmoja mwenye mpira mmoja usio na upepo.

Simlaumu mwalimu huyo. Namlaumu aliyemcheka kijana aliposema nyumbani kwamba anataka kusomea elimu ya michezo. Baba anauliza, unakwenda chuo kusomea kuruka? Baba hajui kwamba kijana atasoma mifupa na misuli, moyo na mapafu, ukuaji wa mtoto, nafsi ya mtoto anayeshindwa, na jinsi jamii inavyotumia michezo kwa mema na kwa hila. Chuo cha Malya kule Mwanza kipo kwa kazi hiyo. Mtu wa namna hiyo, akiwekwa kwenye darasa la kwanza, ana faida kuliko kocha wa Kizungu anayeletwa kumfundisha mtu wa miaka 25 kupokea mpira.

Tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi aliwaongoza wenzake mwanzo hadi mwisho kule Christchurch, mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi 2022! Mwaka 1980 kule Moscow, yeye na Suleiman Nyambui wakaleta medali za fedha. Tangu hapo Olimpiki haijatupa medali nyingine. Taifa Stars ilicheza Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo huo wa 1980, ikarudi tena 2019. Miaka 39! Halafu vigogo wanasimama jukwaani kutuuliza, vijana, uzalendo uko wapi?

Uwanja mkubwa tunao, ulifunguliwa 2007, unaingiza watu 60,000. Wanaocheza ni 22. Na viwanja vya mikoani, Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, vimebaki mali ya chama kimoja hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992. Mjadala huo nitaurudia siku nyingine, maana ni mrefu na una wenyewe.

Leo nataka kile kidogo cha shule. Jumatatu usiende kijiweni kwanza. Pita shule ya msingi iliyo jirani, umwone mwalimu mkuu kwa adabu, umwombe akuonyeshe mipaka ya kiwanja cha watoto na kama kina hati. Kama kimemegwa, andika kimemegwa wapi na lini, wewe na wenzako kumi mtie sahihi, mpelekeeni diwani. Akija kuomba kura, mwulizeni mbele za watu: barua yetu ulisoma?