Mama, namba ya kwanza si kipimo cha kazi (Sehemu ya 5)

Mama zangu, leo nawachokoza kidogo. Kule Marekani, ligi ya NFL, mshahara wa mchezaji mpya unafuata namba aliyochaguliwa nayo, hata kabla hajagusa mpira. JaMarcus Russell, namba 1 mwaka 2007, alipewa mkataba wa dola milioni 61, 2010 akaachwa. Brock Purdy, namba 262, wa mwisho kabisa 2022, aliifikisha 49ers fainali kwa chini ya dola milioni 1 kwa mwaka. Na sheria inakataza kugusa mkataba mpaka misimu 3 iishe!

Eti timu inanunua matumaini. Sawa, ila kazi ndiyo ilipwe chenji?

Sisi manesi uzito wa kuzaliwa tunauandika, halafu mtoto tunampima tena kila mwezi. Nao wapime hivyo.